Mwenye Mguu wa Mti

Nilipokisoma Kisiwa chenye Hazina nikiwa shule ya msingi, kilichonishika ni pipa la matufaha. Jim Hawkins amejitumbukiza ndani kutafuta tunda, usingizi unamwelemea, mara mtu mzito anajiegemeza kwenye pipa. Ni Long John Silver, mpishi wa meli mwenye mguu mmoja, anapanga na wenzake uasi na mauaji. Kisha anamtuma mmoja wao amchukulie tufaha! Pale nilishindwa kupumua.

Lakini bahari ile niliiona ya watu wa mbali. Babu yangu alikuwa baharia wa jahazi, akisafiri kwa kaskazi na kusi baina ya Tanga na Ngazija, na habari zake zilikuwa za kupakia boriti na kungoja upepo. Sikudhani zingekutana na za Stevenson, mtunzi wa kitabu kile.

Ukubwani nilikirudia kitabu, nikakwama kwa kasuku. Silver anajigamba kwamba ndege wake kafika Madagaska na Malabar, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa chini ya nahodha England. Nikamtafuta huyo England. Kumbe aliishi kweli, na mwaka 1720 yeye na wenzake waliishambulia meli ya Kiingereza, Cassandra, huko Nzwani, Komoro, mlemle alimopita babu.

Nahodha wake, James Macrae, alipigana kwa saa nyingi, akaipandisha meli ufukweni na kukimbilia nchi kavu. Baadaye alipokwenda kusema nao, maharamia walibishana wamuue au wamwache. Kitabu cha visa vyao kilichochapwa London mwaka 1724 kinasimulia kwamba alijitokeza mtu wa masharubu ya kutisha, mguu mmoja wa mti, bastola zimemjaa mwilini, akamshika mkono: huyu nimesafiri naye, asiguswe. Wapo wanaomwona kuwa ndiye asili ya Silver. Nami naamini, kwani Silver naye humkingia Jim kifua mbele ya maharamia wenzake.

Siku hizi nikiwasomea wajukuu, naanza na ramani ya Komoro. Wao huniuliza habari za wenyeji, na wana haki. Macrae mwenyewe aliandika kwamba maharamia walitangaza dola 10,000 kwa atakayemtoa, na kwamba kilichomwokoa ni mfalme wa Nzwani na wakubwa wake kuwa upande wake. Alifika mjini na jeraha la risasi kichwani. Hadithi ya mtoto wa Nzwani aliyemwona akiingia, na kusikia wakubwa wakijadili zile dola, bado naitafuta katika kila duka la vitabu.