Kolandoto: PhD Inaanzia Njia Panda

Ukitoka Shinyanga mjini kuelekea Mwanza, usisinzie mapema. Kilomita chache tu unaingia Kolandoto: maduka kando ya lami, baiskeli zilizolemewa na magunia, wanafunzi wa chuo cha afya, na hospitali ya AICT iliyoanzishwa na wamisionari zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Ni njia panda pia. Nyoosha, unakwenda Mwanza. Kata kulia, unaelekea Kishapu, Lalago na Meatu. Wageni wengi huja hapa kutibiwa au kusomea kutibu. Sasa hebu nikuulize, mpenzi msomaji: nani amewahi kuja Kolandoto kutafuta PhD ya sanaa na ubunifu?

Usicheke kwanza. Twende mbele kidogo.

Barabara hiyohiyo inakufikisha Maganzo, jirani na Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Mwaka 1947 likapatikana hapo jiwe la pinki la karati 54.5, akapewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Likakatwa London, likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakalifanya kiini cha pambo la kifuani lenye umbo la ua. Jiwe letu, ubunifu wa wengine. Ndivyo ilivyo hata kwenye elimu: mali ghafi iko kwetu, maswali wanakuja kuuliza wengine.

Ukikaribia Mwanza, pinda kwenda Kisesa uione Bujora, kituo alichokianzisha Padri David Clement kutoka Kanada. Makumbusho ya Wasukuma yapo hapo, ngoma za watemi zipo, na jengo moja limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Miaka ya 1990 Mark na Aimée Bessire, mtu na mkewe kutoka Marekani, walifanya kazi hapo, na mwaka 1997 kikatoka kitabu chao, Sukuma. Wamevuka bahari kuja kutazama vitu ambavyo sisi tunavipita tukikimbilia basi!

Lakini wapo wenzetu walioamka. Venny Nakazibwe wa Uganda alichukua kitu ambacho kila Mganda anakijua, nguo ya magome ya mti, akaifuatilia tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi zama zetu. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Middlesex, Uingereza, kikamtunuku uzamivu. Mwaka huohuo UNESCO ikaitangaza kazi hiyo ya mikono kuwa urithi wa dunia nzima. Kabla yake, mwaka 1986, Elizabeth Orchardson-Mazrui alipata uzamivu wake SOAS, London, kwa sanaa na vifaa vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya. Umeona? Hakuna aliyekwenda Ulaya kuwaeleza Wazungu habari za Picasso. Walikwenda na kitu cha nyumbani.

Rudi sasa Kolandoto, ukae kwenye benchi, uangalie. Fundi anabadilishaje baiskeli ili ibebe gunia na abiria? Bibi asiyejua kusoma anajuaje mlango wa maabara pale hospitali? Mchoro kwenye kikapu cha mama muuzaji alirithi wapi, na binti yake anauendeleza au ameuacha? Kila swali hapo linaweza kuwa tasnifu. Na nakwambia, mfadhili hatoi fedha kwa sababu unapenda kuchora. Anatoa kwa sababu una swali ambalo wewe ndiye uliye karibu nalo.

Mshiko unatoka wapi? Usianze na akiba ya nyumba. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, kilianza kulipia wanafunzi wa uzamivu wa kitivo chake cha sanaa na sayansi za jamii, ambamo idara ya sanaa za kuona imo. Kilifanya hivyo kupitia mtandao wa PANGeA, na Dar es Salaam, Nairobi na Makerere ni miongoni mwa vyuo vilivyoungana nacho. Tangu mwaka 2014 mfuko wa Gerda Henkel wa Ujerumani umefadhili watafiti vijana wa Kiafrika huko Stellenbosch na Makerere. Fuatilia pia DAAD na Jumuiya ya Madola. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka husika. Kabla ya fomu, mtafute msimamizi na umwandikie kurasa mbili: swali lako, mahali utakapofanyia kazi, na kwa nini wewe.

Halafu kuna mwenzi wako. Hapa ndipo ndoa nyingi za wasomi huchechemea. Posho ya mwanafunzi mara nyingi imepigiwa hesabu ya tumbo moja, na miaka mitatu ya kwenye karatasi inaweza kuzaa mitano. Usukumani mahari ni ng'ombe: wanahesabiwa mchana, wazee wakiwepo, na kila upande unajua nini kimetoka na nini kimebaki. PhD nayo ihesabiwe hivyohivyo. Kaeni chini wawili. Nani atalipa kodi ya nyumba? Utarudi mara ngapi kwa mwaka? Mtoto tumpate kabla au baada? Ufadhili ukikatika, tunauza nini na hatuuzi nini? Na yeye anayebaki, zamu yake ya kusoma ni lini? Andikeni. "Mpenzi, tutaona huko mbele" siyo mpango, ni ugomvi uliowekewa tarehe.

Anayebaki akikubali kwa moyo mweupe, utafiti wa hapa nyumbani una faida ambayo London haina: miezi ya kukusanya habari unaishi Shinyanga, na Jumamosi mwenzi wako anapanda basi kukufuata. Mpeleke Mwadui, mpeleke Bujora. Kisha mwonyeshe hicho kikapu, na umweleze kwa maneno ya kawaida kwa nini kinastahili miaka minne ya maisha yenu. Akielewa yeye, mfadhili naye ataelewa.