SARAFU YA MIA TANO (Sehemu ya 4): Siku nilipoitwa chuma ulete

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala, nimekula ndizi zangu, sasa tuendelee.

Kwa aliyechelewa: mimi ni nesi wa wodi ya watoto, naishi Nyanga hapa Bukoba, na nina ugonjwa mmoja ambao kwenye diploma hatukufundishwa. Napenda mazingaombwe. Nachukua sarafu ya 500, ile ya nyati, inapotea mkononi, halafu naitoa nyuma ya sikio la mtoto. Leo nawasimulia nilivyoitoa ile sarafu wodini nikaipeleka kwa watu nisiowajua.

Wodini nilikuwa najiamini sana. Nina sare, wananiita sista, na mgonjwa hana pa kukimbilia. Kumbe kujiamini kwa namna hiyo ni kwa kuazima. Ukivua sare unakuacha kwenye msumari.

Mara ya kwanza nilijaribu stendi, nasubiri hiace ya kwenda Muleba kumwona mama. Nikamgeukia kaka mmoja, mikono inatetemeka kama nina homa. Sarafu ikadondoka, ikabiringika hadi chini ya gari. Konda akaiokota, akaitazama, akasema, "Dada, hii tunakata kwenye nauli." Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, ila masikio yalikuwa ya moto mpaka tunafika.

Mara ya pili haikuchekesha.

Nilikuwa dukani kule Muleba, nimetoa hela ya sukari, nasubiri chenji. Kimya kimya, bila hata kusema neno, nikaipoteza sarafu mbele ya yule mama muuzaji. Nilitegemea atashangaa. Akavuta droo akaanza kuhesabu hela. Kisha akapaza sauti: "We dada, chuma ulete yako usiniletee hapa!"

Kwa wasioijua, watu wanaamini mtu anaweza kuvuta hela za dukani kwa uchawi. Unauza kutwa, jioni droo tupu. Sasa mimi nimempotezea sarafu mbele ya droo yake! Vijana wa bodaboda wakasogea. Mmoja akasema nishikwe. Nikafungua mikono yote miwili, nikawaonyesha sarafu ilipokuwa, nikaeleza huku sauti inakatika. Kilichoniokoa ni bibi mmoja jirani ya mama: "Muacheni, huyo ni mtoto wetu, ni nesi." Niliondoka bila sukari wala chenji.

Ndugu zangu, hilo si la kuchekea. Kanda yetu hii ya Ziwa bibi zetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu. Mtu amekaa kwenye moshi wa kuni miaka 50, macho yanakuwa mekundu, wanasema mchawi. Na Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na bado ipo, inasema ni kosa mtu kujionyesha kwamba ana nguvu hizo. Nikaiweka sarafu kwenye kabati. Miezi miwili sikuigusa mtaani, nikabaki nayo wodini tu.

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa miaka sita, ameungua mguu kwa uji. Siku ya kusafisha kidonda nilimwonyesha sarafu, akageuka kuitafuta, mimi nikavuta bandeji. Nikajiona mjanja kweli. Kesho yake alipoiona sarafu akapiga yowe kabla sijamgusa. Akaniambia, "Sista, wewe unanidanganya."

Usiku ule sikupata raha. Nikamkumbuka yule mama wa dukani. Wote wawili niliwafanyia kitu ambacho hawakukubali. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na watu wa kumtetea, mwingine alikuwa kitandani.

Asubuhi nikakaa naye. Nikamwambia, "Leo nafungua bandeji, itauma. Ukisema simama, nasimama. Tukimaliza, ukitaka tunacheza sarafu, na nakufundisha." Alilia sana, akasema simama mara tatu, nikasimama mara tatu. Tulipomaliza alikaa kimya kidogo, halafu akanyoosha mkono: "Lete sarafu."

Zamu moja ya usiku, kumetulia, nikasoma kwenye simu habari za Mfaransa aliyeitwa Robert-Houdin. Alikuwa fundi saa, akawa bingwa wa mazingaombwe. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria. Alikuwa na sanduku ambalo mtoto analibeba, halafu mwanaume mwenye nguvu anashindwa hata kulisogeza, kumbe chini kuna sumaku ya umeme. Lengo lilikuwa watu wawaogope Wafaransa. Nikasema hee, kwa hiyo mchezo huu unaweza kumfanya mtu ajione mdogo mbele yako. Na mimi dukani nilitaka nini hasa? Si nilitaka yule mama anione mkubwa?

Basi nikajipangia masharti. Nasalimia kwanza. Naomba ruhusa. Nasema wazi ni mchezo. Sigusi hela ya mtu, natumia yangu tu. Na mazoezi mbele ya kioo kila siku, mpaka mkono ufanye wenyewe.

Nikajaribu tena bandarini Bukoba, tunasubiri MV Victoria ya kwenda Mwanza. Nikasema, "Shikamooni. Mimi ni nesi, sina dawa wala jini, nina mikono miwili tu. Niwaonyeshe mchezo wa kudanganya macho?" Mzee mmoja akasema hataki. Nikamshukuru. Mama mwenye watoto wawili akasema haya, tuone. Mara ya kwanza ikadondoka. Nikasema, "Mmeona? Ningekuwa mchawi isingedondoka." Wakacheka, na mabega yangu yakashuka. Nikarudia. Nilitazama mkono wa kulia na wao wakautazama huo huo. Siri karibu yote ipo hapo. Sarafu ikapotea.

Pembeni kulikuwa na bibi kakaa kwenye mkungu wake wa ndizi. Akauliza, "Waitu, imekwenda wapi?" Nikafungua mkono wa kushoto. Akacheka mpaka akajishika kifua. Halafu akanivuta karibu, akanong'ona: "Mjukuu wangu, kama ni nesi kweli, niangalie haya macho. Watoto wa jirani wakiniona wanakimbia."

Yalikuwa mekundu kweli. Nikamuuliza anapika na nini, yameanza lini, anaona vizuri? Nikamwambia asiweke dawa ya kuambiwa na mtu, na akifika Mwanza binti yake ampeleke kliniki ya macho. Kisha nikampa sarafu ajaribu. Ikadondoka. Wale watoto wawili wakakimbia kumwokotea, wakabaki pale pale miguuni kwake wakisubiri arudie.

Sijui kama alifika kliniki. Mimi sarafu sijairudisha kabatini.

Sehemu ya 5 nitawasimulia siku niliyocheza mbele ya yule yule mama wa dukani. Ndiyo, nilirudi. Usiku mwema.