Mwenye Mzigo Hana Wiki ya Kupumzika

Huku Linköping, Uswidi, Aprili ndio mwezi wa kuzitoa baiskeli stoo. Theluji imekwisha, lakini changarawe iliyomwagwa majira ya baridi ili watu wasiteleze bado imelala kandokando ya barabara, na kona moja ya pupa yatosha kukuchubua goti. Hata hivyo anayeingoja Vätternrundan hana budi kutoka. Safari hiyo ya Juni huanzia Motala, hushuka hadi Jönköping, hupandia upande wa pili kupitia Hjo na Karlsborg mpaka ziwa Vättern lizungukwe lote, kilomita 315. Ipo tangu 1966. Wenyewe husema si mashindano, ingawa sijaona asiyetazama saa yake.

Nami nimejiandikisha. Utaratibu wa mazoezi ni uleule wa wengi: wiki tatu unaongeza masafa kidogo kidogo, kwa mwendo unaokuruhusu kupiga soga, kisha wiki ya nne unapunguza, unakula, unalala. Wenye ujuzi hurudia kwamba nguvu hazijengeki juu ya tandiko, hujengeka kitandani.

Nilimweleza mjomba wangu wa Tongoni, kijijini kwetu pwani ya Tanga, haya kwa simu.

“Kilomita mia tatu! Umebeba nini?”

“Sibebi kitu, mjomba. Maji tu.”

“Wanakulipa?”

“Nalipa mimi.”

Alicheka mpaka akakohoa, akampa mkewe simu asikie mwenyewe.

Mjomba amekula miaka mingi akipeleka madafu na samaki Tanga mjini, kama kilomita 20, mzigo umekazwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Kusi ikivuma, upepo humsukuma akiwa na mzigo na kumpiga usoni akirudi mtupu. Kaskazi hugeuza mambo: unakwenda umelemewa, na upepo uko kifuani. Kabla ya lami, masika ilikuwa balaa nyingine, tope likijaa kati ya tairi na madigadi mpaka unashuka kukokota. Chumvi ya bahari nayo haikuiacha cheni.

Tunapenda kujisifu kwamba sisi Waafrika ustahimilivu tumezaliwa nao. Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda Gent–Wevelgem mwaka 2022, niliyasikia hayo hapa na nyumbani pia. Watu wanasahau kwamba alipita kwenye kituo cha mafunzo cha shirikisho la baiskeli duniani kule Uswisi, akapangiwa kazi na mapumziko. Mjomba naye alikuwa na wiki tatu za mzigo, na ya nne ikawa ya mzigo vilevile. Leo hawezi kuchuchumaa. Mapafu alikuwa nayo, miguu alikuwa nayo kuliko mimi. Alichokosa ni siku ya kulala bila watoto kulala njaa.

Na ufuko wetu umewahi kuona wenye nguvu wakishindwa kwa kukosa kinachohitajiwa na mwili. Januari 1499, Vasco da Gama akirudi kutoka India, aliichoma moto São Rafael, mojawapo ya merikebu za msafara wake, hapohapo Mtangata, jina la kale la Tongoni. Kiseyeye kilikuwa kimewaua mabaharia wengi. Waliobaki hawakutosha kuziendesha merikebu zote.

Sisemi Uswidi ni bora kwa kila jambo. Huku naweza kumaliza asubuhi nzima barabarani bila mtu kunisalimu, wakati kutoka Tongoni hadi mjini mkono hauishi kupungwa. Ila mapumziko nimeyapata huku, na nimeyapata kwa sababu mshahara unaingia hata nikiwa nimelala. Hiyo ndiyo tofauti ya makazi yangu mawili, nayo haihusiani na damu.

Kwa hiyo, wenzangu tunaorudi likizo Desemba: jezi za mbio tuziache. Tumlipe fundi baiskeli wa kijijini abadilishe breki, gololi na cheni za mzee mmoja, halafu tumpe mzee huyo fedha za mauzo ya wiki moja, akae nyumbani.