Parsele ya mama haikuwemo ndani ya fulashi

Goma – Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya unga. Naleta yangu mwenyewe.

Mbali na mikrofoni, mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba na parsele. Mwezi wa nne mwaka 2021 wakaaji wa avenyu moja ya Buhene, katika wilaya ya Nyiragongo hapa karibu na Goma, walichanga pesa ili tuwapimie parsele zao, waende kutafuta hati. Tulikuwa wawili, mimi na enjenia mmoja rafiki yangu. Tulivuta dekametre siku nne, tukachukua na pointi za GPS kwenye kona za avenyu. Parsele 17. Yeye aliandika vipimo katika daftari, mimi nikawa nachora kwa AutoCAD kwenye kompyuta ya mezani ya ofisi yetu ndogo.

Kosa langu la kwanza: faili nilikuwa nimeiweka ndani ya fulashi, nikachora humo humo, kwa sababu nilipenda kwenda nayo nyumbani. La pili: onduleri ilikuwa imekufa tangu Noeli, na kila wiki nilisema nitanunua ingine.

Jioni ya posho, tarehe 22 mwezi wa tano, mbingu ikawa nyekundu upande wa Nyiragongo. Nilikuwa naongeza parsele za mwisho. Nikabonyeza kuhifadhi, na hapo hapo umeme ukakatika. Nilichomoa fulashi gizani nikakimbilia watoto. Usiku ule lava ilifika Buhene. Avenyu yote ikafunikwa, alama za mipaka zikawa chini ya mawe. Daftari la enjenia liliungua pamoja na nyumba yake. Tarehe 27, serikali ilipotangaza tuhame, nilienda Sake na fulashi mfukoni, nikiamini nimebeba avenyu nzima.

Mwezi wa nane mama mmoja wa avenyu ile akanifuata ofisini.

“Papa, sikuja kulilia nyumba. Jirani ameanza kupanga mawe mahali pangu. Nitolee ile karatasi.”

Nikaingiza fulashi. AutoCAD ikasema mchoro si halali. Jina la faili lilikuwepo, lakini haikufunguka.

Nilitaka kujaribu-jaribu pale pale. Enjenia akanishika mkono: nakili kwanza. Tulinakili kila kitu kilichokuwa ndani ya fulashi kwenye diski ingine, fulashi tukaifungia kwenye droo, tukafanyia kazi nakala tu. Maana faili mbovu ukiihifadhi tena juu yake yenyewe unaweza kupoteza hata kile kilichobaki. Na kama mashini inakuuliza uifomati fulashi, jibu hapana, hata kama ina haraka.

Amri ya RECOVER, inayojaribu kutengeneza mchoro ulioharibika, haikusaidia. Lakini kila unapohifadhi, AutoCAD huacha kando toleo lililotangulia, jina lile lile, mkia .bak. Tukabadilisha mkia kuwa .dwg, likafunguka: parsele 12. Tukapitisha amri ya AUDIT ili kusafisha makosa. Nikapumua.

“Yangu imo?” mama akauliza.

Haikuwemo.

Kulibaki mlango mmoja. Programu hii hujihifadhi yenyewe kila dakika 10, kama hujaibadilisha, na faili hiyo, yenye mkia .sv$, hukaa ndani ya kompyuta, kwenye folda ya mambo ya muda. Ukifunga kazi vizuri, inafutwa. Sisi hatukufunga vizuri, umeme ndio ulitufungia. Kijana mmoja wa ofisi alikuwa amesema tangu mwezi wa sita atasafisha mashini ile kwa sababu ilikuwa nzito. Namshukuru Mungu kwa uvivu wake. Tulipata .sv$ ya jioni ile, tukaipa mkia wa .dwg. Parsele 15.

Ya mama ilikuwa moja ya zile mbili zilizokosa.

Hata hivyo majirani wake wa kuume na wa kushoto walikuwemo, na katikati yao upana wake ukaonekana wenyewe: mita 15. Urefu wa kwenda nyuma ndio haukuonekana, kwani aliyepakana naye kwa nyuma alikuwa ndiye yule wa pili aliyepotea. Shefu wa avenyu na wazee wawili walikaa, wakakubaliana mita 20. Walipima kwa kumbukumbu, si kwa dekametre. Mama akatia kidole. Mimi moyoni nadhani alikuwa na zaidi.

Tangu hapo fulashi kwangu ni ya kubebea, si ya kutunzia. Kazi inakaa kwenye mashini, nakala moja kwenye diski iliyo nyumbani kwa dada yangu mtaa mwingine, nyingine kwenye barua pepe. Mwezi wa kwanza 2025, umeme na intaneti vilipokatika Goma, ile ya barua pepe sikuweza kuifikia. Diski ya dada ndiyo ilinisaidia. Na kila mwezi nafungua nakala moja nione kama kweli inafunguka. Hii wengi wanaisahau.

Ninyi msio na kompyuta: pigeni picha karatasi zenu za ununuzi, mtumie ndugu aliye mji mwingine. Kwenye WhatsApp itumeni kama dokima, si kama picha, maana picha hupunguzwa na namba ndogo hazisomeki tena.

Mama yule anatunza karatasi yake ndani ya Biblia, kwenye plastiki. Mara mbili ameniomba tupime upya ule upande wa nyuma. Dekametre ninayo. Anayetakiwa kusimama upande wa pili ndiye hatujampata: alihama tena, na simu yake haipiti.