Nilivyoachana na plagini

Kama kungekuwa na dhehebu la waumini wa plagini, mimi ningekuwa mzee wa kanisa. Mwaka 2000 nilikuwa nahudumu kwenye intaneti kafe Dar es Salaam, na kila asubuhi nilipita mashine kwa mashine: RealPlayer ipo? Shockwave? QuickTime? Flash imepitwa na toleo jipya? Kivinjari cha Netscape ndicho kilichofungua mlango huo kwa toleo lake la pili, mwaka 1996, kisha kila kampuni ikaja na programu yake ya kuchomeka.

Plagini ikikosekana, Netscape ilionyesha kipicha cha kipande cha fumbo katikati ya ukurasa mtupu. Wapo wateja waliokitazama kwa subira, wakidhani tovuti ndiyo hiyo. Mzee mmoja aliyependa kusikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC hakuwa na habari na majina ya vivinjari. Aliuliza tu, “Kijana, leo ipi inaongea?” Nampa hedfoni, RealPlayer inavuta sauti, inatoa nusu sentensi, inakwama, inavuta tena. Saa ya malipo haikwami.

Baadaye nikajifunza kutengeneza tovuti, na kwa Flash nilikolea hasa: herufi zinaruka, muziki unaanza bila kuombwa. Kwa modemu ya 56k, megabaiti moja ilichukua zaidi ya dakika mbili, hata laini ikiwa njema. Chini niliweka kitufe cha “Ruka utangulizi”, na watu walikibonyeza hata kabla herufi ya kwanza haijatua.

Steve Jobs wa Apple alipoandika waraka wake wa kuikataa Flash, Aprili 2010, nilimwona mtu wa kiburi (na bado naona alikuwa pia analinda biashara yake). Walionigeuza ni wateja wenyewe, walipoanza kufungua tovuti kwa simu, wakakuta kisanduku kitupu. Mtu wa simu humwambii akapakue kitu kwanza, ameshaondoka.

Adobe ilisitisha Flash mwisho wa 2020. Kazi zangu za zamani nazitazama kwa Ruffle, inayoigiza Flash ndani ya kivinjari cha kawaida. Nyingine ni nzuri, sisemi uongo. Ila mteja akitaka sauti leo, naiweka ndani ya ukurasa kwa HTML5, nayo haitoki mpaka mtu aibonyeze.