Majina Yao Yako Wapi? Matembezi ya Kumbukumbu za Vita Jijini Nairobi

Maelfu ya wakazi wa Nairobi hupita Kenyatta Avenue kila siku, huyu akikimbilia kazi, yule akiwahi matatu, bila kuinua macho kuwatazama wanaume watatu wa shaba waliosimama hapo. Nami nilikuwa mmoja wao. Lakini Jumapili moja asubuhi, magari yakiwa machache, mimi na binti yangu wa miaka 11 tulisimama. Tulikuwa katika kundi la watu kumi hivi, wengi wao wanafunzi, tukiongozwa na mwalimu mstaafu wa historia ambaye hupenda kuwatembeza watu kwa miguu na kuwaonyesha alama za vita zilizosalia jijini.

"Wajukuu zangu, tunaanzia hapa," alisema Mwalimu. "Hawa ni wazee wenu."

Sanamu hiyo iliwekwa mwaka wa 1928 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918. Aliyeichonga ni James Alexander Stevenson wa Uingereza, ambaye pia alichonga sanamu za askari zilizoko Mombasa na Dar es Salaam. Mmoja kati ya wale watatu si askari hata kidogo. Ni mpagazi.

Mwalimu alimwomba binti yangu asome maandishi ya Kiswahili yaliyo chini ya sanamu. Kwa ufupi yanasema kuwa wapagazi ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Binti yangu alimaliza kusoma, akazunguka sanamu yote, kisha akarudi akiwa amekunja uso.

"Mwalimu, majina yenyewe yako wapi?"

"Hakuna hata moja, mjukuu wangu," Mwalimu akajibu. "Ndiyo maana tunatembea."

Alituambia kuwa maneno hayo yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi mashuhuri wa Uingereza. Mwanawe wa pekee, John, alipotea vitani Ufaransa mwaka wa 1915 na mwili wake haukupatikana baba yake akiwa hai. Hata hivyo, jina la kijana huyo lilichongwa kwenye ukuta wa kumbukumbu huko huko Ufaransa. Wapagazi wetu hawakupata ukuta.

FAHALI WAWILI

Vita vilipozuka Agosti 1914, Kenya ilikuwa mikononi mwa Waingereza na Tanganyika mikononi mwa Wajerumani. Tarehe 15 mwezi huo Wajerumani waliiteka Taveta. Wahenga walisema fahali wawili wapiganapo ziumiazo nyasi, na nyasi zilikuwa sisi. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliwakimbiza Waingereza mchakamchaka hadi Msumbiji na nchi ambayo leo ni Zambia. Alisalimu amri Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya.

Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe wa kukokota magari. Ikabidi chakula, risasi na hata wagonjwa vibebwe na binadamu. Mwanzoni watu waliandikishwa, kisha sheria ya mwaka wa 1915 ikaruhusu kuwachukua kwa nguvu. Mwaka wa 1917 machifu waliamriwa watoe vijana kwa maelfu. Kwa jumla, Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka sehemu mbalimbali za Afrika.

Si risasi iliyowamaliza. Ni kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na posho ya unga wa mahindi ambao mara nyingi haukuiva. Hesabu za serikali zilitaja vifo zaidi ya 40,000, lakini wanahistoria wengi wanaamini idadi hiyo ilikaribia 100,000. Na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao.

MWENYE JINA, ASIYE NA KABURI

Kutoka hapo ni hatua chache tu hadi Kimathi Street, iliko sanamu ya Dedan Kimathi. Ilizinduliwa Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe katika gereza la Kamiti. Hii ni kumbukumbu ya vita vingine, vile vya msituni vya kudai uhuru. Mwalimu alitukumbusha kuwa vita hivyo viwili havikutengana sana. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alikuwa amepigana Burma katika Vita Vikuu vya Pili akiwa askari wa Mwingereza. Alirudi nyumbani akiwa ameona kwamba Mzungu naye huogopa na hufa.

"Kimathi ana jina lakini kaburi lake halikuwekwa alama," alisema Mwalimu. "Wapagazi hawana jina wala kaburi."

Banda Street tulisimama mbele ya maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka wa 1931. William Northrup McMillan, mlowezi tajiri aliyezaliwa Marekani, alipigana upande wa Waingereza katika vita vile vile vya wapagazi. Alipofariki mwaka wa 1925, mjane wake alimjengea maktaba hii yenye nguzo kubwa na simba wa mawe. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Hakuna aliyesema neno. Hata wale wanafunzi waliokuwa wakitaniana njiani walinyamaza.

SOKO LENYE SIRI

Tulivuka Moi Avenue, tukapenya River Road hadi tukatokea Kariokor. Nani asiyelijua soko hilo? Hapo utapata vyondo, mikanda ya ngozi, viatu vya akala, na nyama choma inayokuita kwa harufu tangu ukiwa mbali.

Mwalimu alimuuliza mama mmoja muuza vyondo kama anajua asili ya jina Kariokor.

"Mimi nimeuza hapa miaka mingi, Mzee," mama akajibu huku akicheka. "Nilidhani ni jina la Mhindi aliyekuwa na duka hapa."

Kumbe hapo ndipo palipokuwa na kambi ya wapagazi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ulimi wa Mswahili ukaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake vivyo hivyo. Yule mama aliacha kucheka, akatazama pande zote za soko kana kwamba analiona kwa mara ya kwanza.

Tulimalizia kwa matatu hadi makaburi ya vita ya Ngong Road, yaliyofunguliwa mwaka wa 1941. Hapo wamezikwa zaidi ya watu 1,900 wa Vita Vikuu vya Pili. Nyasi zimekatwa vizuri, na mawe yamepangwa safu kwa safu. Waafrika wapo, tena kwa majina yao. Binti yangu aliyasoma kwa sauti hadi akachoka.

Basi iliwezekana. Mwaka wa 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi.

SWALI LA NYUMBANI

Jioni hiyo nilimpigia baba simu. Nilijua tangu utotoni kuwa babu yake alikwenda Kariakoo na hakurudi. Nilimuuliza jina lake.

Baba alikaa kimya kidogo. "Sisi tulimwita tu yule wa Kariakoo," akasema. "Jina lenyewe labda shangazi yangu analijua. Ndiye mkubwa aliyebaki."

Nilikuwa nimekasirika siku nzima kwa sababu ya jiwe lisilo na majina. Kumbe hata nyumbani kwetu hatukuliandika.

Msomaji, ukitaka kufanya matembezi haya na familia yako, chagua Jumapili asubuhi, vaa viatu visivyoumiza na ubebe maji. Sehemu ya mjini huchukua saa tatu hivi ukienda polepole. Lakini kabla ya kwenda, waulize wazee wako ni nani katika ukoo wenu aliyekwenda vitani, na umwandike kwenye daftari. Wazee hao hawatatungoja milele.

Sisi tunakwenda nyumbani Desemba. Binti yangu ameshanunua daftari, na swali la kwanza ni la shangazi.