Malizia na Reli

Mzenga ya utoto wangu, simu ilikuwa karatasi. Mtu akisema "nimeletewa simu," kina mama walishaanza kujifunga kanga kiunoni kabla haijasomwa, maana habari iliyolipiwa ili iwahi kufika kwetu mara nyingi ilikuwa ya msiba. Posta walitoza kwa neno, hivyo salamu hazikuwamo: BABA MGONJWA NJOO. Kwa watu wa Pwani, ambao salamu peke yake hula robo saa, maneno matatu makavu namna ile yalitisha hata kabla hujafikiria yanasema nini.

Simu ya kusemea tuliyoijua ni ile ya stesheni. Reli ya TAZARA, waliyoijenga Wachina na kukabidhiwa mwaka 1976, inapita Mzenga katika safari yake ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na mkuu wa stesheni alikuwa na simu ya kuulizana na wenzake treni imefika wapi. Sisi watoto tulijibanza dirishani kumsikiliza. "Sikupati! Nasema sikupati! Rudia!" Tukitoka hapo tunakwenda kucheza simu ya makopo na uzi, na mchezo wenyewe ulikuwa huo: hakuna anayempata mwenzake.

Mambo ya mjini katika miaka ya 1990 yalitupita kwa mbali. Shirika la Posta na Simu likagawanywa, TTCL ikazaliwa mwaka 1994, Mobitel wakaleta simu za mkononi kwa wenye uwezo. Kwetu bado ukitaka kuongea na mtu unampandia gari. Kilichotufikia ni vocha, baada ya Vodacom kuanza mwaka 2000 na Celtel mwaka uliofuata. Pale Mlandizi, tunapopandia magari ya kwetu, vijana waliokuwa wakiuza karanga wakaonekana wamebeba vibao vya vocha, na hao ndio waliokuwa walimu wetu. Unaikwangua hivi, unaingiza namba, unaangalia salio. Salio lilikuwa neno la makarani wa ushirika na madaftari yao ya korosho. Haukupita muda likawa midomoni mwa watu wasiowahi kushika daftari lolote.

Mtandao ulikamatwa juu ya tuta la reli. Jioni ungewakuta watu wamejipanga pale kama ndege kwenye waya, kila mmoja kanyanyua mkono, mwingine anapiga kelele za kutosha kusikika Dar es Salaam bila simu. (Mjini, mwaka 2005, neno hilohilo lilikuwa na mashaka yake: wanasiasa waliomuunga mkono Jakaya Kikwete waliitwa Mtandao, na mtu akikuuliza kama una mtandao ilibidi umtazame kwanza.) Vitabuni na katika redio za Kenya tulikuta rununu. Sijawahi kumsikia mtu wa Mzenga akilitamka ila kwa kumtania mwalimu. Tulisema simu ya mkononi, kisha simu tu, na ile ndogo yenye taa ikawa kitochi.

Kubipu nako kulikuwa na adabu zake. Mkwe habipiwi. Mdogo kumbipu mkubwa ilikuwa utovu wa adabu, lakini bibi alibipu atakavyo, maana kwa utani wa kwetu mjukuu wa kiume ni mume wake, na mume hakosi vocha. Bibi yangu alikuwa akinibipu mara moja kuniarifu kwamba mzigo umefika, mara mbili kwamba nipige sasa hivi, na akibipu mara tatu najua kanisusia.

Yeye ndiye niliyemwelekeza kutumia M-Pesa, ilipokwisha kuingia Tanzania mwaka 2008. Nilikuwa mjini, yeye yupo Mzenga kashika kitochi cha mjomba, na mimi namtajia kwa simu nyingine: nyota, mia na hamsini, nyota, sifuri sifuri, malizia na reli.

"Reli?" akaniuliza. "Mume wangu, reli iko huku nyuma ya nyumba. Kwenye simu inafanya nini?"

Nikamwambia atazame chini kulia, aone vyuma viwili vimelala na mataruma mawili yamekatiza. Kimya kidogo. Halafu nikamsikia akimwita jirani: "Njoo uone, wametuwekea TAZARA humu!"

Sijui nani alianza kuiita alama ile reli, ila Tanzania nzima inaiita hivyo. Waingereza wana jina lao na Wamarekani lao. Wafaransa wameikopa ya muziki, ingawa kwa jicho la mwanamuziki hizo ni alama mbili tofauti. Hata wanaosema Kireno hawakubaliani: Ureno ni cardinal, Brazil ni jogo da velha, mchezo ule wa watoto wa kuchora miraba tisa na kuijaza duara na misalaba. Kila watu wametazama mistari minne ileile wakaona cha kwao. Naona sisi tumeona vizuri kuliko wote, na nikiwa mtu wa Mzenga siwezi kusema vinginevyo.

Lugha ya pesa ya simu ilimwingia bibi haraka mno. Namba ya siri, wakala, makato. Muamala, neno nililolisikia zamani kwa masheikh tu, yeye alilitumia sokoni akinunua dagaa. Tozo ya mwaka 2021 ilipokuja aliijadili kwa hasira na kwa ufasaha ambao Bunge lingeuonea wivu. Ujumbe wenye neno "Imethibitishwa" aliutunza kama risiti, akakataza usifutwe.

Kwa sababu hiyo nilidhani simu ya kupangusa niliyompelekea baadaye nikiiweka Kiswahili chote atafurahi. Nikambadilishia. Akaisoma kwa sauti, herufi moja moja, kidole kinafuata. Alipofika kwenye "Anwani" akaniuliza sanduku la posta la nani, kumbe ndimo walimo watu wake wote. "Hali ya ndegeni" ilimchekesha mpaka akakohoa. Kuko salama huko ndegeni, akauliza, au kuna mgonjwa? Hakukuwa na kosa la sarufi humo. Yalikuwa maneno yaliyopangwa na watu makini mezani, lakini hayakupitia Mlandizi kwa wauza vocha, wala hayakupandishwa kwenye tuta kupigiwa kelele. Siku ya pili akanirudishia.

"Irudishe Kizungu chake, mume wangu. Kile sikijui, kwa hiyo hakinichanganyi."

Nikairudisha. Mpaka leo watu wengi wa kwetu wako hivyo: simu iko kwa Kiingereza, mwenyewe anaizungumzia kwa Kiswahili, na vidole vinakumbuka mahali pa kubonyeza. Juzi mpwa wangu alikuja analalamika kwamba mchumba wake kampiga bluu tiki. Shangazi zake, wanawake wanne wakubwa, wakamwelewa papo hapo na wakaanza kumtafuta wifi yao mtarajiwa kwa simu wamseme.